Kuuza mkusanyo wa visu Mwanza bila kupunjwa: mwongozo kamili

"Nipe vyote, nikupe laki mbili, tumalizane." Mtu akikwambia hivyo kabla hajafungua hata kisu kimoja na kukitazama vizuri, ujue keshaona kimoja au viwili vinavyorudisha hiyo laki mbili peke yake. Vingine vyote anavibeba bure.

Mikusanyo ya visu Mwanza ipo kwenye nyumba ambazo usingezidhania. Kuna wazee waliofanya kazi melini au kwenye karakana za reli na bandari enzi za Jumuiya ya zamani. Kuna mafundi waliokaa migodini Geita na Mwadui wakipewa visu na wageni waliomaliza mikataba. Kuna familia ambazo babu alirudi kutoka KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, mwaka 1945 na kisu cha kukunja chenye mwiba wa kufungulia mafundo ya kamba. Vinakaa kabatini miaka na miaka, kisha ada ya shule inabana, au mwenyewe anatangulia mbele ya haki, na kwa siku moja vinaondoka kwa bei ya kisu cha kukatia nyanya. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi aliyeuza hakukosa mteja. Alikosa kujua anauza nini.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya mezani nyumbani, kabla hujamtajia mtu yeyote bei. Kuuza kwenyewe kutafuata, wala si kugumu.

Kwanza: je, una haki ya kuviuza?

Kama visu ni vya marehemu, si mali yako bado, hata kama ni wewe uliyemuuguza na funguo za kabati unazo wewe. Utaratibu ni uleule wa mali nyingine: kikao cha ukoo, muhtasari wenye sahihi, kisha Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye anayeuza, na fedha inaingia kwenye hesabu ya warithi wote. Watu wanaona visu ni vitu vidogo wakaviruka, halafu kaka aliyeko Dar anasikia kimoja kimeuzwa laki tatu, na ugomvi unaanza hapo. Hata kama mmekubaliana kwa mdomo, andikeni karatasi moja mtie sahihi.

Kisha tenga pembeni visu vya aina tatu, usivipige picha za kutangaza mpaka umepata ushauri.

Aina ya kwanza ni vyenye mpini unaodhani ni pembe ya ndovu au jino la kiboko. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiivuta karibu, utazame mwisho wa mpini pale ulipokatwa. Mfupa wa kawaida una vitobo vidogo na vistari vifupi vya kahawia, zilikuwa njia za damu. Pembe ya ndovu haina vitobo hivyo. Kwenye sehemu iliyokatwa utaona mistari myembamba inayopishana na kufanya pembe pembe ndogo. Plastiki ya kuiga ina mistari iliyonyooka mno, yenye nafasi sawasawa. Ukiona mistari ya kupishana, au bado unashuku ni jino la kiboko, simama hapo hapo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukutwa na nyara ya serikali bila kibali ni kosa kubwa, na "nilirithi" si kibali. Tafuta wakili kwanza, kisha mwende ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usimpe dalali na usimtumie mtu picha.

Aina ya pili ni visu vya asili: vilivyofuliwa na wahunzi wa kale wa huku kwetu, kama Warongo wa upande wa Geita, na vile vya ngoma, uganga au utemi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hiyo, na hairuhusu kuvitoa nje ya nchi bila leseni. Kwa kutambua ulichonacho, anzia Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Kwa kibali, ni Idara ya Mambo ya Kale. Maoni yangu ni kwamba kisu cha namna hii kikipata nafasi makumbusho, na jina la ukoo likaandikwa chini yake, familia imefaidi kuliko fedha atakayoitoa mtalii.

Aina ya tatu ni visu vinavyofyatuka vyenyewe ukibonyeza kitufe. Nchi nyingi zimevipiga marufuku. Uingereza ilizuia kuviuza na kuviingiza tangu sheria ya 1959, na eBay, lile soko la mtandaoni, haivipokei kabisa. Usipoteze muda kutafuta mnunuzi wa nje.

Usinoe, usisugue

Kama utakumbuka jambo moja tu kwenye mwongozo huu, liwe hili. Kitu cha kwanza watu wanachofanya wakiamua kuuza ni kumwita mnoaji anayepita mtaani na baiskeli yake, ile yenye jiwe linalozungushwa kwa pedeli. Yule ni fundi mzuri wa visu vya jikoni na vya bucha. Lakini jiwe lake linakula chuma. Kisu cha miaka sitini ambacho ubapa wake bado una upana uliotoka nao kiwandani, mkusanyaji atakilipia vizuri. Kipitishe kwenye jiwe mara tatu tu, nusu ya bei imebaki chini pamoja na cheche. Grainda ni mbaya zaidi, maana inachoma chuma na kuacha makali ya bluu yasiyoshika tena.

Msasa na vile vyuma vya kusugulia sufuria navyo viweke mbali. Chuma cha zamani kisicho na kinga ya kutu hujenga rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye bluu kwa mbali, na rangi hiyo ndiyo inayomthibitishia mnunuzi kwamba kisu ni cha kweli na hakijachezewa. Ukiking'arisha umekivua cheti chake. Mbaya zaidi, msasa unafuta maandishi ya kiwanda, na kisu kisichosomeka kinauzwa kama chuma tu.

Unachoruhusiwa ni hiki. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba. Uchafu ulioganda kwenye maungio utoe kwa kijiti cha meno, kamwe usitumie ncha ya kisu kingine. Weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya kisu cha kukunja, pale ubapa unapozungukia, kifungue na kukifunga taratibu mara kadhaa, kisha ufute mafuta machafu yanayotoka. Kutu nyekundu inayoachia unga ukiigusa, ipake mafuta hayohayo, iache usiku kucha, asubuhi ifute kwa kitambaa. Kilichotoka kimetoka, kilichobaki kiache.

Halafu vitoe kwenye ala zake. Ngozi inanyonya unyevu na ina kemikali za kuitengenezea, na ndiyo inayoleta ule uchafu wa kijani kwenye shaba na madoa meusi kwenye ubapa. Kwa hewa ya ziwa, hasa Machi hadi Mei, kisu kilichokaa ndani ya ala ya ngozi kinaoza kimya kimya. Ala iweke kando ukiwa umeibandika namba ya kisu chake, kwa sababu kisu chenye ala yake halisi kina bei kuliko kilichotenganishwa nayo. Hivyo hivyo kwa boksi, karatasi za dhamana na risiti ya dukani, hata kama zimechakaa. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, weka viwili vitatu kwenye boksi unamohifadhi.

Soma kisu kinasema nini

Fungua kisu kikamilifu, kipeleke karibu na dirisha, ukiinamishe taratibu mpaka mwanga upite kwa ubavu. Maandishi yako shingoni mwa ubapa, karibu kabisa na mpini. Kwa visu visivyokunjwa yanaweza kuwa kwenye ubapa wenyewe au kwenye kikingio cha vidole. Andika kila herufi, kila namba, kila nukta, na uchore alama usizozifahamu. Tazama pande zote mbili, na kama kisu kina bapa kadhaa, soma kila moja.

Nchi iliyoandikwa inakupa umri wa kuanzia. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887, bidhaa za kigeni zilitakiwa zionyeshe zilikotoka, na ndipo maneno "Made in Germany" yalipoenea. "W. Germany" au "West Germany" ina maana kisu ni cha kati ya 1949 na 1990. "Stainless" haiwezi kuwa ya kabla ya 1913, kwa kuwa ndio mwaka Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipopata chuma hicho kisichoshika kutu. "Solingen" ni mji wa Ujerumani ambao jina lake linalindwa kisheria tangu 1938. Jina hilo peke yake halitoshi, lakini likikaa pamoja na jina la kiwanda chenye sifa, kama Puma au Böker, umepata kitu. Puma nyingi za tangu 1964 zina namba za udhibiti za kujulisha kisu kilitengenezwa lini, na majedwali ya kuzisoma yapo mtandaoni.

Visu vya Uswisi ndivyo utakavyokutana navyo zaidi, na ndivyo vinavyoigwa zaidi. Victorinox ilianza 1884 huko Ibach. Msalaba wake uko ndani ya ngao, wakati wa Wenger uko ndani ya mraba wenye kona za mviringo. Wenger ilinunuliwa na Victorinox mwaka 2005, na baadaye visu vyenye jina hilo vikaacha kutengenezwa, kwa hiyo Wenger safi isidharauliwe. Ukiona chenye mpini wa alumini wenye vijinundu, na shingoni pana tarakimu mbili kama 65 au 78, hicho ni cha askari wa Uswisi na tarakimu hizo ni mwaka kilipotengenezwa. Aina hiyo ilianza 1961. Cha kuigwa utakijua kwa spring zake zilizolegea, msalaba uliochapwa kwa rangi inayokwanguka kwa ukucha, na bapa zinazogongana zikifungwa.

Kile cha KAR kina mshale wa mistari mitatu inayokutana juu. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi pembeni yake kuna mwaka, mathalani 1942, na jina la kiwanda cha Sheffield. Havina bei ya kutisha, kwa sababu vilitengenezwa vingi sana. Lakini chenye mwaka unaosomeka, ambacho familia inaweza kuonyesha pia kitabu cha utumishi cha askari mwenyewe au picha yake akiwa kwenye sare, kimepanda daraja. Weka nyaraka na kisu pamoja.

Opinel ya Ufaransa, yenye mpini wa mti na alama ya mkono wenye taji, ilianza 1890. Pete ya chuma inayofunga ubapa iliongezwa 1955. Kwa hiyo namba 8 isiyo na pete, na isiyo na dalili kwamba pete iling'olewa, ni ya kabla ya hapo. Ndogo za namba 5 kushuka chini hazikuwa na pete tangu mwanzo, usidanganyike nazo. Buck 110 ya Marekani ilitoka 1964. Case, nazo za Marekani, zina nukta shingoni: mwaka 1970 walianza na nukta kumi, kila mwaka wakawa wanapunguza moja.

Neno kuhusu visu vyenye mawimbi kwenye ubapa, vinavyouzwa kwa jina la Damascus. Angalia mgongo wa kisu na ukingo wa makali. Kama mawimbi yanapita juu ya mgongo na kuendelea upande wa pili, chuma kimefuliwa kwa tabaka kweli. Kama yanakoma ukingoni na mgongo ni mweupe mtupu, ni mchoro wa tindikali. Hata vya kweli, vingi ni kazi mpya kutoka Pakistani, na bei yake ni ya kawaida. Anayekutajia mamilioni mwombe akuonyeshe jina la mhunzi.

Pima hali bila huruma

Mnunuzi atatafuta kasoro, basi zitafute wewe kwanza. Weka kisu juu ya karatasi nyeupe. Ubapa ambao haujapungua una mstari wa makali unaotoka shingoni ukiwa umenyooka au umepinda taratibu. Ulionolewa sana unaingia ndani ghafla karibu na mpini, na ncha inakuwa imeshuka au imeinuka kuliko ilivyokuwa. Kwa kisu cha kukunja, kifunge: kama ncha imeinuka na kuchungulia nje ya ukingo wa mpini, chuma kingi kimeondoka.

Shika ubapa kwa vidole viwili uutikise kushoto na kulia. Unacheza? Ufungue mpaka ukaribie mwisho: spring nzuri inaumalizia kwa nguvu na unasikia mlio mmoja mkavu. Tazama misumari ya mpini, nyufa zinazoanzia kwenye misumari hiyo, na kama vipande viwili vya mpini vina rangi moja. Kimoja kikiwa kipya, kuna mtu alibadilisha.

Kisha gawa visu vyako mafungu matatu. La kwanza ni vya mkusanyaji: jina linasomeka, ubapa kamili, mpini halisi. La pili ni vizuri vyenye kasoro. La tatu ni vya kazi, ambavyo thamani yake ni kukata tu. Uwe mkali. Kwenye mkusanyo wa visu thelathini, kukuta fungu la kwanza lina vitano si jambo baya, na hivyo vitano vinaweza kuzidi vingine vyote kwa fedha.

Katika kugawa, ukikuta visu vya mpini wa plastiki vya kukatia minofu ya sangara, vyenye namba au alama ya kiwanda cha samaki, usivichanganye na mali yako. Hivyo vina mwenyewe.

Daftari na picha

Kila kisu kipe namba na ukurasa wake. Andika maandishi yote yaliyomo, urefu wa ubapa kutoka ncha hadi mpini, urefu wa jumla, mpini ni wa nini, kasoro zote, kina ala au boksi, na habari ya kilikotoka kama inajulikana. Habari hiyo iandike ikiwa bado kuna mzee wa kuisimulia.

Picha zipige asubuhi kwenye kibaraza, kivulini, bila flashi, juu ya kitambaa cha rangi moja kisichong'aa. Weka rula pembeni. Piga ubavu wa kulia, wa kushoto, mgongo ukiangalia kutoka juu, maandishi kwa karibu mpaka yasomeke, kisu kikiwa kimefungwa, na kila kasoro. Picha ya kasoro ndiyo inayokuletea fedha haraka, kwa sababu mteja wa mbali akiona hujaficha ufa, anaamini na mengine uliyosema.

Kutafuta bei

Bei anayoitaja muuzaji mtandaoni ni ndoto yake. Bei ya kweli ni ile ambayo mtu alilipa. Kwenye eBay, andika jina la kiwanda na aina, kisha weka kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwishauzwa tu. Tafuta angalau vitano vinavyofanana na chako kwa aina na hali. Toa cha juu kabisa na cha chini kabisa, hivyo vilikuwa na sababu zake.

Tufanye mfano wa hesabu, namba ni za kufundishia tu. Kisu kama chako kimeuzwa dola 38, 45, 47, 52 na 90. Ondoa 38 na 90, wastani wa vilivyobaki ni dola 48. Muuzaji wa kule alikatwa ada ya mtandao, tuseme dola 6, akabaki na 42. Chako kimenolewa kidogo na mpini una ufa mwembamba, punguza robo: dola 31 na nusu. Kwa dola ya shilingi 2,500, ni 78,750, tuseme 78,000. Hapo ndipo ilipo haki yako.

Sasa andika bei tatu daftarini. Ya kutangaza, mathalani 110,000, kwa kuwa huku kwetu hakuna anayenunua bila kupatana, na usipoacha nafasi ya kushuka mteja anajiona kapigwa. Ya kukubali, 78,000. Na ya kuondokea, 65,000: chini ya hapo unafunga boksi na kumshukuru mtu kwa muda wake. Ziandike ukiwa nyumbani, umetulia. Bei inayotungwa mbele ya mteja aliyeshika noti mkononi huwa inashuka yenyewe.

Fungu la tatu halihitaji hesabu hii. Uliza kisu kipya cha ukubwa huo kinauzwaje madukani mjini, kisha ukae kwenye nusu yake.

Umuuzie nani

Usianze na vile bora. Chukua viwili vya fungu la pili, vitangaze, usikilize watu wanasema nini na wanatoa ngapi. Hayo ni masomo ya bei nafuu. Ukishazoea maswali ndipo utoe vya fungu la kwanza, kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Vya fungu la pili vinaweza kwenda viwili viwili kwa mtu mmoja. Kitu cha kuogopa ni mteja anayesema atachukua vyote, akaanza kwa kuchagua vitatu bora "kama kianzio", kisha harudi. Mwambie bei ya vyote ni ya vyote, na ya kuchagua ni ya kuchagua. Ukimpa vitatu kwa bei ya jumla, mkusanyo wako umebaki mabaki.

Wateja wa hapa wanajulikana kwa kazi zao. Wapishi wa mahoteli na wenye mabucha wanajua chuma kizuri na watalipa kwa visu vya jikoni vya Solingen au Sheffield hata vikiwa vimetumika. Soko la samaki la Kirumba Mwaloni ni pa kuuzia visu virefu vyembamba vya minofu. Nenda asubuhi, zungumza na wapasuaji wenyewe. Wavuvi wa mchezo, wanaokwenda kutafuta sangara wakubwa Rubondo, na waongozaji wao wanapenda visu vya Rapala na Mora. Wafanyakazi wa migodini, Watanzania na wageni, ndio wateja wazuri wa visu vya kukunja, na huko habari inasambaa kwa mdomo: mmoja akiridhika atakuletea wawili.

Kwa vya fungu la kwanza itabidi utoke nje ya mji, kwa wakusanyaji wa Dar, Nairobi na kwingineko. Status ya WhatsApp na makundi ya watu mnaofahamiana yanafanya kazi kuliko matangazo ya wazi. Soko la Facebook haliruhusu kuuza visu visivyo vya jikoni, kwa hiyo usishangae tangazo likiondolewa. Ukimpata mnunuzi wa nchi nyingine, malizaneni kwanza fedha itafikaje kwako na kama sheria ya kwao inakiruhusu kisu hicho kuingia, ndipo muongee bei.

Mfanyabiashara wa vitu vya kale naye ni njia halali, ila lazima abakize faida yake, kwa hiyo hatakupa bei ya mkusanyaji. Mwendee ukiwa na haraka ya kweli, na ukiwa na daftari lako mkononi. Dalali mpe asilimia mliyoiandika, na bei ya chini uitaje wewe. Yule anayetaka "nitakacholeta zaidi ni changu" anajipa nafasi ya kukuficha bei halisi.

Siku ya kukutana na mteja

Kutaneni mchana, dukani kwa mtu mnayemfahamu wote au ofisini kwake. Nyumbani usimlete mtu asiyejulikana, na benki usiingie na boksi la visu, utawatia askari wasiwasi bila sababu. Beba vile tu mlivyoongea, vimefungwa, ndani ya boksi lenye orodha juu yake. Askari akikusimamisha njiani, orodha na karatasi ya umiliki vinakusaidia kueleza.

Mteja atasema, "Bosi, hiki mbona kina kutu?" Fungua ukurasa wake umwonyeshe: kutu imeandikwa, imepigwa picha, na bei imeshapunguzwa kwa ajili yake. Mazungumzo yanabadilika hapo hapo, na mara nyingi ndipo "bosi" inapogeuka kuwa "mzee wangu, niambie ya mwisho." Usimruhusu kujaribu makali kwa kukata kitu. Kufungua na kufunga kunatosha.

Akilipa kwa simu, usitazame ujumbe ulioingia. Ujumbe wa muamala unaweza kutungwa na mtu yeyote. Ingia kwenye menyu, angalia salio, ndipo uachie kisu. Akidai amekosea kuzidisha na anaomba umrudishie kwenye namba nyingine, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake wairudishe wao.

Kisha andikeni hati ya mauzo nakala mbili: tarehe, maelezo ya kisu pamoja na maandishi yake, kasoro zilizoonyeshwa, bei, majina, namba za simu, sahihi za wote wawili na za shahidi mmoja. Kwa kisu cha bei kubwa ongeza namba ya kitambulisho cha NIDA. Hati hiyo inakulinda siku kisu kikitumika vibaya mikononi mwa mtu mwingine, na inamlinda msimamizi wa mirathi mbele ya warithi.

Kusafirisha

Paka ubapa mafuta kidogo sana, ukunje kwa kadibodi ngumu inayozidi ncha, gundi ishike kadibodi na isiguse mpini. Usitumie gazeti, linashika unyevu. Ala ifungwe peke yake. Andika wazi kilichomo, iwe ni Posta au ofisi ya basi pale Nyegezi au Nyamhongolo, na uchukue risiti yenye thamani uliyoitaja. Ukisafiri navyo kwa ndege, viende kwenye mzigo wa kukabidhi, kwenye begi la mkononi vitachukuliwa.

Mabaki

Vitabaki vya fungu la tatu, na hapo sasa ndipo ile "nipe vyote" inapokuwa na maana. Vifunge pamoja, upeleke Mlango Mmoja au Makoroboi mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka, na umuuzie mchuuzi mmoja kwa bei ya jumla. Ila kabla ya kufunga fungu hilo, vipitishe tena dirishani, kimoja kimoja, kwenye mwanga wa ubavu, ukisoma shingo zake. Kimoja kinaweza kuwa na maandishi yaliyojificha chini ya uchafu, na kikahamia meza nyingine.